Sikujua wa Mtaa wa Swahili

Alikuja saa kumi, mvua ya vuli imekatika,
mtaro bado unabeba vifuniko vya soda
mbele ya kibanda changu: fotokopi, kuchapa,
picha za pasipoti, lamineshen.
Mkalimani wa duka la vigae, hapo jirani.
Kariakoo yote humwita Mchina, naye huitika.

Leo alifunua kitambaa cha miwani, akatoa picha
ndogo kama stempu: mama, mashavu yameungua kwa baridi,
nyuma yake mlima usio na hata mti wa kujisitiri.
"Nitolee nakala mbili, uziwekee plastiki.
Usiibakize kwenye kompyuta."
Nikacheka. Nani hapa ataiba picha ya mama yako?
Hakucheka.

Mashine yangu huchelewa kupata moto.
Dakika saba. Watu hulazimika kusema kitu.
"Mimi si Mchina, dada. Ni Mchina kwenye pasipoti.
Naitwa Dekyi. Kwetu Tibeti."
Sauti aliishusha kwenye neno hilo
kama mtu anayetua ndoo, mtoto asiamke.

Mdogo wake, Rabten, ana miaka minane, yuko bweni.
Hakupenda mtu; shule ya kijijini ilifungwa.
Likizo akirudi humwomba mama maji
kwa lugha ambayo mama hana.
Mama humpa chumvi. Kwanza wanacheka,
halafu mama hutoka kuangalia ng'ombe wa manyoya
ambao hawana tatizo lolote.

Na mjomba aliyefundisha herufi za kwao jikoni,
watoto sita, jioni, mlango umerudishwa:
walikuja wakamchukua, yeye na ubao.
Ubao ulirudi.

Nikataka kusema, hata sisi, mdogo wangu.
Bibi yangu wa Nachingwea alinena Kimwera;
mimi nimebaki na salamu na tusi moja,
mwanangu hajui hata tusi.
Lakini neno likanikwama.
Sisi yetu tuliisahau kama mwavuli kwenye basi.
Hakuna aliyeifuata usiku na gari.

Nyumbani, kabatini, kuna kikombe cha enameli.
Baba alipewa Mlimba na fundi wa reli, Mchina,
waliyelala hema moja, wakaugua malaria moja.
Kina maandishi mekundu. Hatujawahi kuuliza yanasemaje.
Mimi nilizaliwa baba yuko kambini huko;
habari ilimfikia mwezi umeshapita,
akaandika barua ya neno moja: Sikujua.
Wakanipa liwe jina.

Sasa nimseme vipi mwenye kikombe?
Ila fundi yule naye hakumfunga mtu.
Alifunga mataruma.
Na mama yangu, katika mji huuhuu,
aliwahi kutoa doti nzima ya kanga, mpya, haijakatwa,
kwa wapiganaji wa Msumbiji.
Hakumjua hata mmoja. Hakuuliza ni kilomita ngapi.

Plastiki ikatoka na kiputo kwenye paji la uso wa mama.
Nikakibonyeza kwa kitambaa, kikahamia shavuni.
"Kiache," akasema, "atakuwa anatafuna kitu."
Hapo ndipo alipocheka.

Nilifuta picha mbele yake.
Nikafungua pipa la kompyuta, nikafuta na humo.
Hela nilizikataa; akaziweka chini ya stepla.

Miaka hamsini na kitu jina langu limenitosha.
Wanaoniita dukani, wanaonidai,
Sikujua, Sikujua, nami nageuka.
Tangu saa kumi na dakika saba
linanibana makwapani
kama blauzi ya shule.

Kesho yake alipita na tajiri wake.
Muuza soksi akapaza: Mchina!
Akaitika.
Mimi niliinua mkono tu, jina sikulitoa,
nililisema ndani ya meno,
Dekyi, Dekyi,
kama mtu anayehesabu chenji
asitake kukosea.