Miligramu Tisa

Ndoo ya maji Newala ina bei,
nasi tuliomba maji ya bure:
mkojo wa asubuhi, wajawazito kumi na wawili,
chupa zilizokuwa za mafuta ya alizeti,
majina kwa wino wa bluu.
Wakacheka. "Mwataka kupikia?"

Lita thelathini. Asetoni, macho yakawasha,
mashapo meupe, kisha safu ya kioo:
tone,
tone,
Nandonde akihesabu mirija hadi umeme ukakatika,
akaendelea kuhesabu gizani.

Homoni hii ni vipande viwili vilivyoshikana
kama bibo na korosho yake.
Kimoja utakikuta kwenye homoni nyingine pia;
cha pili ndicho chenye jina.
Na sukari! Nyingi kuliko nilivyotarajia.

Mizani ikasema tisa.
Chumvi ya kuonjea mboga ni zaidi.

Somoe Chitanda alileta chupa wiki ya nane, ya tisa.
Ya kumi akaja mikono mitupu,
akaomba jina lake lifutwe.
Nimelifuta.
Nimetenga rangi, harufu, chumvi,
kila protini isiyohusika.
Chake kingali humu,
sijui chembe ipi.