Beseni la Chumba cha Kati

Dalali Lushinge alikuja Jumatatu, kalamu sikioni,
akaizunguka nyumba yangu ya Mabatini kama daktari wa zamu:
akagonga ukuta, akavuta kitasa, akasikiliza choo.
"Vigae usiweke, mama Holo. Mnunuzi huja na vigae vyake moyoni.
Ziba panapovuja. Paka rangi. Geti lisilie."
Akaandika bei, akaifuta, akaandika nyingine.

Nikauza cherehani, nikamwita fundi Mihayo.
Rangi ya maziwa, ndoo mbili.
Gresi kwenye bawaba; geti likanyamaza,
na mbwa wa jirani kachanganyikiwa,
hajui tena nani katoka, nani karudi.
Wadudu wa ziwani waliokaukia kwenye taa tangu masika
nikawafagia: kibakuli kizima.

Jiwe ndilo lililotushinda.
Limeingia jikoni kwa bega, pana kuliko kabati.
Marehemu aliposhindwa kulivunja, alijenga akalikumbatia.
Lushinge alitaka nilipake chokaa.
Nikakataa. Juu yake nimelaza watoto wenye homa.

Kisha bati la chumba cha kati.
Miaka kumi na tisa tumetega beseni pale,
la bluu, lenye kiraka cha lami.
Mvua ikivuka kutoka ziwani tuliamka bila kuambizana,
mmoja kashika kitanda huku, mwingine kule,
tukakisogeza gizani kama watu wanaohamisha mgonjwa.
Mihayo alipanda na kipande cha bati na misumari sita.
Chai yake haikuwahi kupoa.
Elfu kumi na nane, pamoja na nauli.

Nilimlipa, nikakaa kwenye ngazi.
Elfu kumi na nane.
Tulikuwa nayo, mwaka huu au ule,
tukanunua beseni jingine.

Juzi usiku ikanyesha. Juu kelele, chini kukavu.
Mikono yangu ilishaamka,
inatafuta ukingo wa kitanda, na upande wa pili hakuna mtu.

Leo mnunuzi kaja, kijana, na mkewe mjamzito.
Rangi hakuitazama. Kafungua bomba, kahesabu hadi ishirini.
Mke kaegemea jiwe. "Hili halihami?"
"Tangu nilijue, halijaomba ruhusa."
Akacheka, akalaza shavu pale penye ubaridi.

Lushinge ananikonyeza: pandisha.
Mimi nimesimama mlangoni na beseni mkononi,
sijui ni lao au langu.