Chombo na Kilichomo

Bwana Mchopa amemtuma mtoto wa jirani:
ghala limejaa, Jumatatu nirudi kubangua,
la sivyo kiti changu atakikalia Abiba wa Makukwe.
Hakusema kwa ubaya. Alituma na nusu kilo ya sukari.

Nesi Blandina amenipa pampu ya mkono,
ina mdomo kama wa tarumbeta
na chupa yenye mistari ya kupimia.
"Kamua alfajiri. Tia kikombeni, funika,
kikombe kwenye beseni la maji, beseni kando ya mtungi.
Newala kuna baridi. Saa nne mtoto anywe."

Mama mkwe, Bi Somoe, akaigeuzageuza,
akainusa, akacheka mpaka akashika mlango:
"Kukamua! Na humu ndani hata mbuzi hatuna.
Tumeanza na wewe?"

Nikacheka naye. Usiku sikucheka.

Maziwa.
Neno moja tu, kwa chombo na kilichomo.
Waliotuachia lugha hawakuona haja ya kutenganisha,
maana nani angeondoka na kimoja
akakiacha kingine nyumbani?
Mimi. Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu.

Kiwandani kila kitu hupimwa.
Nzima huku, vipande kule,
chenga kwenye ndoo ya mwisho,
kilo zangu kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.
Sheria inanipa muda wa kunyonyesha, najua,
lakini muda ni kilo, na kilo ni dumu la maji,
na kutoka kiwandani hadi kwetu ni dakika hamsini
kwa mtu anayekimbia.

Shaweji hajawahi kupimiwa.
Hunyonya mpaka kiganja kinafunguka chenyewe.
Sasa mistari itasema.
Kila apitaye atainua chupa kwenye mwanga wa dirisha
aone mimi ni mama wa kiasi gani.

Na vidole hivi?
Mafuta ya ganda yameshavila ncha,
majivu nipake nisipake.
Kabla ya uzazi walianza kupona.
Nikirudi jioni nitampokea kwa viwiko,
kama mtu anayeepua sufuria bila kitambaa.

Jumamosi nikajaribu.
Robo saa pampu inalia kama panya,
mstari wa kwanza sikuufikia.
Bi Somoe alisimama mlangoni, hakucheka.
"Hayatoki kwa kuyatazama."
Akamleta Shaweji, akamlaza kushoto kwangu.
"Kulia shika kidude chako."

Mtoto akavuta upande mmoja,
yakaja pande zote mbili.
Chupa ikapata joto mkononi.

Ndipo akakaa juu ya kinu, akasema bila kuniangalia:
"Baba yake nilimwacha ana siku arobaini na mbili.
Uji wa muhogo, kwa kijiko, kwa dada yangu.
Mimi nilikuwa naenda porini kuchimba ming'oko,
mwaka ule hakukuwa na kingine.
Yakijaa nayakamulia majanini.
Nilikuwa nageuka nyuma kwanza, nisionekane.
Sijui nilimficha nani."

Akachukua chupa. Aliinua kwenye mwanga, ndiyo,
lakini hakusoma mstari.
Alifumba jicho moja, akatazama rangi.

Nimekubali? Sijui kama hilo ndilo neno.
Jumatatu nilitoka giza giza,
kikombe kiko kwenye beseni, mfuniko una jiwe juu yake
kwa ajili ya paka,
na kanga niliyolalia amejifunga yeye,
ingawa hajawahi kupenda kanga zangu.

Saa nne, kwenye benchi letu,
kifua kikalowa chenyewe, mbele ya wote.
Ama anakunywa, ama amekataa.
Nikaibana korosho iliyokuwa mkononi.
Ikatoka nusu mbili.
Nikaitupa kwenye vipande,
nikachukua nyingine.