Tone la Fundi Saa

Mwanzoni nilidhani ni vumbi la Makoroboi,
kisha nikadhani ni uzee.
Nilifumba jicho la kulia, lile la lensi,
na kope ikakwaruza
kama geti la duka lililonyeshewa masika mawili.

Machozi, lakini, yalikuwepo tele.
Yaliidondokea saa ya Mwalimu Lutobeka
mpaka akanipa pole ya msiba
na noti ya elfu mbili ya rambirambi.
Niliipokea.
Ningemwelezaje kwamba sijafiwa?

Tabibu wa macho, binti mfupi, Nyangeta,
alinipachika ukanda wa karatasi chini ya kope,
akahesabu dakika tano kwa simu yake.
Karatasi ikatoka imelowa upana wa ukucha.
"Babu Magesa, macho yako ni makavu."
Binti, mbona yanatiririka?
"Maji yapo. Mafuta ndiyo hayatoshi.
Chozi lisilo na mafuta juu yake halikai,
linakuja mbio, linaondoka mbio.
Halafu wewe hupepesi."

Sipepesi, kweli.
Miaka thelathini na minne nimeinamia magurudumu
madogo kuliko punje ya ulezi.
Ukipepesa, skrubu imekwenda zake,
utaiona Krismasi ijayo, ukifagia.

Lakini mafuta! Kuambiwa hivyo mimi,
ambaye kwa ncha ya sindano
huiwekea kila saa tone lake:
likizidi linakamata vumbi,
likipungua vyuma vinatafunana.
Nimelainisha saa za nusu ya mji huu
na hakuna aliyewahi kunifungua mgongo kutazama.

Chupa ilinitoka elfu thelathini na nane.
Vidonge sitini, laini, rangi ya asali;
ukikiinua kimoja juani
unauona mtaa mzima umepinda ndani yake.
Nyanjura aliisogeza chupa kwenye taa, akasoma,
akacheka mpaka akakaa chini.
"Mafuta ya samaki!
Mtu wa Ukara ananunua mafuta ya samaki dukani!
Sangara wanatupita hapo juu kwa ndege,
wamelala kwenye barafu kama mabwana,
sisi tunarudishiwa jasho lao kwenye chupa."
Usiku ule alikaanga kichwa cha sangara
kwa mafuta yake mwenyewe,
na kidonge akakiweka pembeni ya sahani,
palipostahili pilipili.

Mwezi wa kwanza sikuona kitu,
ila nilicheua samaki katikati ya Baba Yetu
na shemasi akasogea kiti kimoja.
Mwezi wa pili, kitambaa cha uvuguvugu kila alfajiri,
na Bihemo, mjukuu wangu anayejifunza kazi,
akipita ananigongea meza:
"Pepesa, babu!"
Skrubu mbili zilipotea kwa kelele zake.

Wa tatu, siku ya Jumanne,
nilifumba macho nikasubiri ule mkwaruzo.
Kope ikashuka.
Ikapanda.
Nikarudia, kama mtoto aliyepata swichi.

Nyangeta hataki kuapa.
Wengine huwasaidia, asema, wengine la,
hata wakubwa wa fani bado wanabishana.
Labda ni kidonge. Labda ni kile kitambaa,
au vichwa vya sangara, au meza ya Bihemo.
Saa ikishatembea, mwenye saa haulizi ni gurudumu lipi;
anaivaa, anaondoka.
Fundi ndiye hulala na swali.

Leo Mwalimu amekuja kuchukua yake.
Nimetia tone, nimefunika mgongo, nimepepesa.
Akanikagua uso kwa muda mrefu.
"Naona msiba umepoa, Mzee Magesa."
Umepoa, Mwalimu.
Noti yake iko bado kwenye droo, chini ya koleo.
Chupani vimebaki vidonge sita.