Mkalimani wa Zamu

Saa nne usiku, simu ya kituo cha Ibra:
"Mama Thuwaiba, tuna mtu wa lugha yako."
Navaa abaya juu ya kanga ya kulalia.

Lugha yangu. Niliirithi kwa bibi,
aliyeshuka melini na masanduku mawili
na mbuzi ya nazi, huku kwenye tende tupu.

Anaitwa Kadzo, mtu wa Kaloleni.
Kandambili zake si pacha: ya kulia buluu.
Afisa ni kijana, mpole,
amenimiminia kahawa.
Yeye hakumiminiwa.

Kadzo anasema: nilitoka.
Afisa anachapa: harabat.
Amekimbia.
Sikio langu la Unguja linasikia kuharibu.
"Mwanangu, hakusema hivyo. Kasema kharajat."
"Si kitu kimoja?"
Mlango ndio mmoja. Lakini aliyetoka
hurudi kuchukua nguo zake na mshahara wa miezi mitatu;
aliyekimbia hutafutwa.

Anatazama saa. Mimi natazama ukuta,
kanuni zimetundikwa ndani ya kioo,
zimeletwa kutoka mkoani, zina mhuri,
na kioo kinaonyesha taa tu.
Nikainama upande, shingo ikalia,
hadi nikakipata kifungu cha saba:
maelezo asomewe mhusika kwa lugha aijuayo.
"Nani hukagua kama mnakifuata?"
Akacheka kwa adabu. "Mkaguzi. Wa kwetu."
Kesi ya nyani, angesema bibi,
na hakuwa akiimaliza methali;
alimwachia kila mtu amtaje ngedere wake.

Si wakili mimi, si ndugu wa mtu.
Chumbani humo ni mimi tu
nisiye na nyota begani wala shitaka kichwani,
basi nikakaa.
Kahawa ikapoa, nikakaa.
Akafuta. Akachapa upya. Akaigeuza skrini
niione, nami nikamsomea Kadzo neno kwa neno,
na kwenye "nilitoka" akaitikia kwa kichwa,
akaweka dole gumba.

Chini ya fomu pana mstari wa mkalimani, mfupi,
wa jina basi.
Nikaandika jina. Kisha ukingoni, kwa herufi za sisimizi:
Kaletwa saa moja. Maji, saa nne na nusu.
Mlango ulifungwa; niliufungua mimi.

"Hapo ni jina tu, mama."
Najua, nikamwambia,
nikamrudishia kalamu yake.