Hesabu ya Kunguru

Saa kumi na moja alfajiri tunaanza, mimi na Chengo,
nyuma ya soko la Kongowea,
kabla wauza ndizi hawajashusha mizigo.
Vipande vya nyama, ukubwa wa kidole gumba.
Dawa tunaipaka kwa kijiko cha mpini mrefu,
glavu mkononi, kitambaa puani,
maana mauti hayachagui pua.

Kunguru si mjinga. Ana akili ya kuazimisha.
Siku ya kwanza hali, anamtazama mwenzake.
Siku ya tatu njaa inamwamulia.
Ya nne tunaokota,
tunawapanga kumikumi juu ya gunia,
miguu upande mmoja kama vijiko.
Chengo anataja, mimi naandika:
Kongowea, mia na arobaini.
Mwembe Tayari, sitini na watatu.
Daftari lina mihuri, lina safu ya Maelezo
ambayo sijawahi kuijaza.

Sina kesi na kunguru.
Lakini amemaliza mayai ya chozi na ya kurumbiza,
amepokonya hamri mkononi mwa mtoto wa chuo,
na wakubwa wakasema apunguzwe.
Neno zuri, kupunguza. Halina damu.

Ila kuna jambo ofisini hawaliulizi.
Akianguka mmoja, wengine huja.
Hawamli. Hawamgusi.
Hujaa juu ya waya na mabati wakalia kwa zamu
hadi mwenye nyumba ya ghorofani afungue dirisha atutukane sisi.
Chengo huwacheka.
Kisha hutazama viatu vyake.

Jumanne ile, Majengo, saa tatu usiku,
nilikuwa narudi, mfuko begani,
nikakuta watu wamefanya duara.
Simu, walisema. Wengine wakasema pikipiki.
Katikati mvulana, ndara moja mguuni.
Hakuomba msamaha. Aliomba maji,
kwa sauti ya mtu aliyeketi hotelini.
Nyuma yangu mtu akasema, "Ami, nipishe."
Alikuwa na tofali.
Nikampisha.

Sikurusha. Naapa sikurusha.
Lakini bega lilisogea, kwa adabu,
kama unavyompisha mwenye sinia la pilau.

Juu ya waya hapakulia mtu.
Walitawanyika kwa haraka ya watu walioacha chungu motoni.
Asubuhi mchanga ulikuwa umemwagwa pale,
na duka limefunguliwa.

Binti yangu Zuleha, darasa la sita, hunisaidia kujumlisha.
Alimaliza hesabu ya wiki, akainua kalamu:
"Baba, na yule wa Majengo yuko ukurasa gani?"
Nikamwambia mtu haandikwi pamoja na kunguru.
"Kwa nini?"
Kwa sababu mtu ni mtu. Ana jina. Ana mama.
"Basi ameandikwa wapi?"

Mbu namuua huku naongea. Kunguni, kwa maji ya moto.
Kuku wa Ijumaa kwa bismillahi na kisu kikali
ambacho simwonyeshi mapema;
kuku ana haki hiyo, asikione kisu.
Kunguru ana haki ya mstari mmoja daftarini.
Yule mvulana alikiona kila kitu:
tofali, mkono, na mimi ninavyosogea.

Sisemi damu zote ni bei moja.
Nikiambiwa Zuleha au kunguru elfu
nitachukua kijiko sasa hivi, wala sitauliza.
Ninachosema ni kidogo, na kinanikera kama mwiba wa samaki:
mwili wangu umezoea kitu,
na sijui ulikizoea wapi,
kwenye gunia, au zamani,
kabla sijashika gunia lolote.

Jina nililipata kwa muuza maji. Ndurya.
Nikaliandika katika safu ya Maelezo,
mbele ya wale sitini na watatu,
herufi kubwa, wino wa buluu.

Jumatatu afisa akalifungua daftari,
akauliza kama dawa imebaki,
akagonga muhuri juu yake
bila kusoma.