Mate ya Bibi

Nivikka, daktari wa Nuuk amenionyesha kioo:
tezi ya shingo yako, nyembamba kama ganda la kitunguu,
chembe zenye kirusi zimekolea kahawia.
"Mgeni wa zamani. Aliingia utotoni, kwa mate."

Mate.
Nikaiona Sisimiut, theluji mlangoni,
mama yangu Arnaq akikutafunia nyama ya sili,
akikutia kinywani kwa kidole.
Ulicheka. Ukataka tena.

Kikulacho kiliingia na tonge.
Sikumwambia daktari.
Wengi walilishwa hivyo, wakazeeka na kirusi chao kimelala;
chako kimeamka baada ya miaka thelathini na minne.

Leo kumeza kunakushinda.
Nimekupondea samaki kwa uma, si kwa meno,
halafu nikaulamba ule uma
kujua kama amepoa.